Risasi Moja Nyeusi

Kila mwezi wa Machi mnanipa ubao na chaki kwenye ukumbi wa kanisa, mnapanga viti, mnachemsha kahawa, na mimi nasimama mbele kuwaeleza wageni wa chama chetu cha kulenga shabaha kwamba risasi ya kuchakuro, wale wanyama wadogo wachimba mashimo, na risasi ya karatasi, ya kupigia shabaha za mashindano, ni vitu viwili tofauti. Mwaka huu nilikataa. Mwenyekiti akanifuata mpaka jikoni kwangu kuniuliza nani kaniudhi. Hakuna aliyeniudhi. Nimekuja leo mara moja tu, niseme ninalotaka kusema, halafu mtafute mwalimu mwingine.

Somo lenyewe ni fupi. Risasi ya kuchakuro ni nyepesi, na koti lake la shaba ni jembamba kama ganda la kitunguu. Ikigusa chochote, hata udongo, inapasuka vipande vipande na safari yake imeishia hapo. Ndiyo maana wafugaji wanaturuhusu kupiga kwenye malisho yao, karibu na ng'ombe na nyumba zao. Ubaya wake ni kwamba ikishapita yadi mia tatu, upepo wetu wa huku Montana unaichezea unavyotaka. Risasi ya karatasi ni ndefu, nzito, imechongwa mkiani, na inaukata upepo hadi yadi elfu moja. Ina kitobo kidogo puani, na kila mwaka hakosi mjuaji mmoja wa kunyoosha mkono aseme kitobo kile ndicho kinachoipasua. Hakipasui kitu! Kimebaki tu tangu kiwandani, walipokuwa wanalikunja koti. Risasi ile ikigonga udongo mgumu inaruka kama kijiwe mnachokirusha juu ya bwawa, na inaendelea na safari zake. Miaka ishirini na miwili nimeyasema hayo hapa hapa nilipo. Mtu asije akasema Verna hakujua.

Kingine mnakijua na mmenicheka nacho sana. Risasi zangu ni nyeusi. Zamani wengi walikuwa wakiziviringisha kwenye kipipa na unga mweusi wa kulainisha ili ziteleze vizuri ndani ya mtutu. Siku hizi wote wameacha, nimebaki peke yangu wilaya nzima. Duane, kijana niliyemfundisha mwenyewe hapa chamani, alinipa jina, Bibi Makaa, nanyi mkalidaka. Sawa.

Sasa Orrin Lofthus. Wengi wenu mlimfahamu kama yule mzee wa kondoo mwenye nyonga ya chuma. Mimi alikuwa shemeji yangu, kamwoa mdogo wangu Ardis, na shamba lake lilipakana na langu. Ardis alipokuwa anaumwa, wiki ile ya mwisho, alinishika mkono akaniambia, "Dada, Orrin asije akafia kwenye korido ya watu. Mwache afie kwake." Nikamwahidi. Sikuwahi kumwahidi mtu jambo lingine kubwa maishani mwangu, sikuolewa, sikuzaa. Ahadi yangu ilikuwa hiyo moja.

Binti yao Karin yuko mjini, Billings, na tangu mama yake afe alikuwa anataka kumhamishia baba yake kwenye nyumba ya wazee. Walibishana miaka miwili, mpaka wakakubaliana mezani kwangu, mimi nikiwa shahidi. Orrin atakaa kwake maadamu anaweza kuwarudisha kondoo zizini mwenyewe kila jioni kabla mbweha hawajatoka. Siku atakaposhindwa, anahama bila maneno. Orrin akapeana mkono na binti yake huku akicheka, kwa sababu alikuwa na mbwa wake, Jep. Yeye mwenyewe hakuweza kushuka korongoni kwa ile nyonga, lakini alisimama langoni na fimbo yake, akapiga mluzi mara mbili, na yule mbwa akawaleta kondoo mia mbili na arobaini bila kumwacha hata mmoja. Miguu ya Orrin ilikuwa Jep. Kila mtu alilijua hilo, na mimi kuliko wote.

Mwezi wa Mei mwaka jana akanipigia simu.

"Shemeji, kuchakuro wamenifanya mpangaji kwenye shamba langu. Jana kondoo kavunjika mguu shimoni. Njoo na ile mizinga yako."

"Hutaki nije na pai tu?"

"Njoo na vyote viwili. Pai yako nayo inaua."

Akaniambia atawapeleka kondoo nyuma ya kilima pamoja na Jep, sisi tupige upande wa huku bila wasiwasi. Kwa risasi nyepesi kweli hakukuwa na wasiwasi wowote.

Nikaenda na Duane. Tukaweka meza zetu bondeni, tukapiga asubuhi nzima, na kazi ikaenda vizuri. Saa tano upepo ukaamka. Kulikuwa na kuchakuro mmoja, dume nene, amesimama kwenye kichuguu chake karibu na mawe meupe, yadi mia sita, anatupigia kelele. Nikampiga kwa nyepesi, upepo ukaisukuma, vumbi likatimka kushoto kwake. Nikapiga ya pili, kushoto. Ya tatu, kushoto tena. Duane yuko kwenye darubini anacheka mpaka meza inatikisika.

"Bibi Makaa, anakupungia mkono."

"Funga mdomo wako."

"Mwache, mama. Umri nao ni umri."

Ebo! Umri! Mimi niliichukua ngao ya yadi elfu moja wakati Duane bado anafungwa viatu na mama yake! Nikafungua mkoba. Mlikuwa na boksi la risasi kumi nyeusi zilizobaki kwenye mashindano ya Jumapili. Duane akainua kichwa.

"Mama, hizo ni za karatasi."

"Najua ni za nini. Nani alikufundisha wewe?"

"Lakini nyuma ya kile kilima..."

"Udongo wa Mei ni laini. Itazama."

Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki tatu. Bustani yangu mwenyewe nilikuwa naichimba kwa sururu. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, na bado nikaingiza risasi chemba, nikarekebisha darubini ya bunduki, nikavuta pumzi, nikapiga.

Ikaenda chini kidogo. Vumbi likaruka miguuni pa yule dume, na hapohapo tukasikia sauti. Ilianza nene, ikawa nyembamba, ikapanda juu ya kilima na kupotelea upande wa pili. Nyepesi haziimbi, jamani. Zikigusa chini zimekwisha. Hii iliimba.

"Umeisikia?" Duane akauliza.

"Nimesikia upepo."

Akanitazama, mimi nikaanza kukunja mkeka. Tulipokuwa tunapakia pikapu, yule dume alikuwa amerudi kwenye kichuguu chake anapiga kelele zake. Nilijiambia dunia ni pana na risasi ni ndogo kama kidole cha mtoto. Nikaenda nyumbani nikala viazi.

Asubuhi yake Orrin akaja. Nilimwona dirishani akishuka garini, taratibu, mguu mmoja halafu mwingine, na kiti cha pembeni kikiwa kitupu. Jep alikuwa hakosi kwenye kile kiti. Nikajikaza kisabuni, nikamimina kahawa vikombe viwili.

Akaketi. Hakuvua kofia.

"Jep amekufa," akasema.

"Amekufa vipi?"

"Jana jioni nilipiga mluzi, hakuja. Nikapiga tena. Nikapanda mwenyewe na fimbo, saa nzima, mpaka juu. Nikamkuta amelala palepale anapolalaga siku zote, uso umewaelekea kondoo. Wanakula wamemzunguka. Nikadhani kasinzia, shemeji. Nikamgombeza."

Akakisogeza kikombe pembeni.

"Nilimgombeza kwa sauti kubwa. Halafu nikaona damu."

Akatoa mfukoni kopo la ugoro, akaliweka mezani, akalifungua. Mlikuwa na kipande cha kitambaa, na juu ya kitambaa risasi. Ilikuwa imepinda kidogo upande mmoja, lakini nzima, ndefu, na kitakoni, pale ambapo udongo haukuifikia, ilikuwa nyeusi tii.

"Nimeitoa kwa kisu cha kukatia mikia ya wanakondoo," akasema. "Wewe ndiye mwalimu. Niambie ni risasi gani na ni ya nani."

Nikanyanyua birika nikaongeza kahawa kwenye vikombe vilivyokuwa bado vimejaa. Orrin akanitazama, akaitazama kahawa yake, halafu akashika fimbo. "Naomba nitumie choo chako kwanza," akasema. "Siku hizi kahawa hainisubiri." Akaenda, tok, tok, tok, na fimbo yake kwenye sakafu ya mbao, akafunga mlango.

Kitambaa cha kusafishia mtutu kilikuwa mezani na chupa ya dawa yake. Nataka kusema sikufikiri, lakini huo utakuwa uongo juu ya uongo. Nilifikiri sana. Nilimfikiria Ardis. Nilifikiri kwamba akijua ni mimi, basi ni mimi niliyemtoa kwake kwa mkono wangu, kwa ajili ya kuchakuro mmoja na maneno ya Duane. Nikaichovya ile risasi, nikaisugua kitakoni. Weusi ukahamia kwenye kitambaa. Nikasugua tena mpaka shaba ikatoka safi, nikairudisha koponi, nikakisukumia kitambaa mfukoni mwa aproni.

Aliporudi alisimama nyuma ya kiti chake, hakukaa.

"Haya, mwalimu."

"Ni ya shabaha," nikasema. "Nzito. Zinauzwa kila mahali, Orrin. Anaweza kuwa mtu yeyote. Labda mpita njia, kapiga kutoka barabarani."

"Huwezi kusema ni ya nani?"

"Siwezi."

"Jana mlikuwa wawili bondeni. Wewe na Duane."

Nilikuwa na nafasi pale. Nafasi kubwa kabisa, ya kutosha lori kugeuza.

"Duane hutumia za namna hii," nikasema.

Orrin akaichukua risasi, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, muda mrefu. Nilidhani ananuia kusema neno. Akaifunga koponi.

"Haya," akasema. "Asante kwa kahawa, shemeji."

Kikombe aliacha nusu. Orrin, ambaye alikuwa akija kwangu lazima nichemshe mara mbili.

Duane alinijia siku mbili baadaye. Habari za Jep zilikuwa zimeenea. Alikataa kuingia ndani, akasimama uani, kofia mkononi.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Mimi nitakwenda nawe, mama. Tusimame mbele yake wote wawili. Na mimi nilikuchokoza, kosa ni letu sote."

"Nimesema nitamwambia! Unataka nikuandikie barua?"

Akavaa kofia yake akaondoka. Kila aliyeniuliza habari za Jep nilimjibu kama nilivyomjibu Orrin, na mnaulizana kwa nini Duane ameacha chama. Sasa mnajua.

Mimi nikajitia mchunga kondoo. Kila jioni nilikwenda kwa Orrin, nikashuka korongoni na miguu yangu ya miaka sitini na minane, napunga koti, napiga makelele kama mwehu, kondoo wanakimbilia kila upande isipokuwa langoni. Siku nyingine Orrin angecheka mpaka ajishike mbavu. Siku hizo alisimama tu kwenye lango, ameshika komeo. Jioni ya nne tukakosa majike sita na watoto wao.

"Acha sasa, Verna," akasema.

Miaka thelathini na tisa aliniita shemeji, hata msibani kwa Ardis, hata alipokuwa amekasirika. Nikamwambia, "Nitakutafutia mbwa mwingine. Nipe wiki mbili tu. Nitamwambia Karin angoje."

"Mbwa si shida. Karin anakuja Jumamosi."

Nilidhani anajikaza kiume. Nikaona hata aibu kidogo kwa ajili yake, mnanielewa? Mimi nikamwonea yeye aibu.

Karin akaja na maboksi. Tulifunga vyombo pamoja, sahani za mama yake tukazifunga kwenye magazeti. Jikoni akanikumbatia. "Ahsante, mama mkubwa," akasema. "Nilijua utanipigia kelele, utasema umwache baba. Umenirahisishia sana." Nikamwambia si neno. Mwezi wa Juni malori yakaja yakawachukua kondoo, na Orrin akakaa garini mwa binti yake muda wote, kioo kimefungwa.

Nilikwenda kumtembelea Oktoba, kwenye nyumba ya wazee. Chumba chake kinatazama maegesho ya magari. Mchana wahudumu huwatoa wazee wote kwenye korido, wakiwapanga ukutani kwenye viti vya magurudumu ili wafagie vyumba, na nilimkuta hapo, wa tatu kutoka mlangoni, amevaa sweta la mtu mwingine. Nikamwekea mapajani pai ya rubabu, yale mashina machachu ya bustanini kwangu. Tukaongea habari za hali ya hewa. Halafu akaingiza mkono mfukoni akatoa lile kopo la ugoro.

"Unajua kwa nini nilikuletea hii?"

"Ulitaka kujua ni ya nani."

"Nilijua ni ya nani," akasema. "Hata kipofu angejua. Nilikuletea ikiwa nyeusi, Verna."

Mzee mmoja pembeni yake alikuwa anaita muuguzi, hakuna aliyemjibu. Orrin akangoja mpaka anyamaze.

"Nilikasirika, usidhani sikukasirika. Nilikutukana peke yangu jikoni matusi yote ninayoyajua, mpaka yakaisha. Halafu nikasema, nitakwenda, atalia, nitamtukana kidogo na usoni, halafu tutakunywa kahawa. Nilikuwa nimekwisha mpigia simu yule jamaa wa Lewistown mwenye watoto wa mbwa. Kabla sijaja kwako, unasikia? Mbwa nilikuwa nimekwisha pata. Nikaona unashindwa kusema mbele yangu, nikakuachia nafasi, nikaenda chooni ambako sikuwa na shida nako. Narudi, naikuta inang'aa. Na Duane ukamtupa humohumo."

"Orrin..."

"Kule juu jirani ni wewe peke yako. Nikianguka, ni wewe. Theluji ikifunga barabara, ni wewe. Ningekaaje?"

Nilitaka kupiga magoti pale kwenye korido. Sikupiga. Nilisema nitarudi wiki ijayo, nikasema mara mbili. Akanirudishia pai yangu ikiwa nzima, na kopo juu yake.

Wiki iliyofuata sikwenda, wala mwezi ule. Nilikuwa nikifika mpaka njia panda ya Billings nageuza gari. Mwezi wa Februari Karin akapiga simu. Baba yake alikuwa ametolewa chumbani wafagie, na waliporudi kumchukua alikuwa amekwisha kufa, pale pale ukutani, kwenye kiti chake. Karin alilia, akasema angalau hakuwa peke yake, watu walikuwa wengi wanapita.

Mkitaka mwalimu, mwendeeni Duane. Mwambieni hakukosa kitu, na ubaya wote uliosemwa juu yake niliuanzisha mimi kwa ulimi wangu. Risasi anazijua zote mbili, na siku ile aliniambia.

Kopo hili hapa. Fungueni, mpitishe mkono kwa mkono mpaka nyuma kabisa. Tazameni kitakoni, jinsi nilivyoisafisha.